Tundu la Paa la Peugeot

Juzi fundi alipowasha mashine ya kukatia chuma juu ya Peugeot ya zamani ya papa, baba yangu, nilijikuta nimechutama nyuma ya gari, mtu mzima mimi. Mlio ule ule! Nilikuwa na miaka minane vita ilipoingia Kisangani, na mabomu yalipita juu ya nyumba yetu yakilia hivyo kabla ya kupasuka.

Asubuhi ile kwetu kulinukia pondu, yale majani ya muhogo, na samaki wa moshi. Koko, mama yake papa, alikuwa anatwanga wakati nyumba ya jirani iliporuka na watu wake. Papa akatusukumia garini, tukimbilie mtoni tupate mtumbwi wa kwenda Yanonge. Barabarani kulikuwa na maiti; papa alizikwepa mpaka akashindwa. Nami, mjinga mimi, nikalilia kukaa dirishani. Koko akanisonya, akaniachia nafasi yake, akahamia katikati. Hatukumaliza hata mitaa miwili. Kipande cha bomu kilitoboa paa, kikamtoboa koko. Damu yake ilinimwagikia mapajani, ya moto.

Habari ya dirisha sikumwambia mtu.

Papa alikuwa fundi wa bodi za magari, mkali kama pilipili. Aliyepaka rangi juu ya kutu alikula kofi. "Kutu haifunikwaki, inakatwaka," alisema. Lakini tundu lile aliliziba siku ile ile tuliyomzika koko, kwa bati la kopo la mafuta na lami, na hakutaka liguswe tena. Nilidhani anamlilia mama yake, niliyemponza mimi, nikazidi kumwogopa. Mwaka huu tu, mvua ilipokuwa inamlowesha kitini, ndipo alipokubali paa likatwe.

"Nani alifanya hii kazi mubaya?" fundi alifoka akibandua lile bati. Chini yake paa lilikuwa limeoza, linameguka kama mkate mkavu. "Hakukwangua hata kidogo!"

"Ni miye," papa alisema.

Nikashindwa kuvumilia. "Papa, koko alikufa ku nafasi yangu. Ni miye nililia dirisha."

"Nilijua. Niliwaona mu rétroviseur, mu kioo ya dereva." Akanishika mkono. "Watu wote walikuwa wanalia koko. Weye ulikuwa unaangalia ile tundu tu. Donc nikaziba mbio mbio, usiione tena." Akamgeukia fundi. "Bon, kata."

Koko hayupo, mtaa ule haupo, na miaka niliyomwogopa bure papa hairudi. Kipande kile cha paa kilipokatwa kikaanguka, nilichukua nyundo, nikakiponda mpaka kikawa unga, nikilia kwa sauti, na papa akawaambia watu waniache.