Jioni Baba Alipoulizwa

Kila ninaponusa mawese yakichemka sufuriani, narudi Ujiji, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga baada ya kuvuka ziwa kuikimbia vita. Mama alikuwa akikaanga dagaa, baba amejiinamia mkekani. Tangu tufike, kila jioni alikwenda kunywa gongo, na mama alikuwa ameshasema ataondoka na sisi watoto, amwache.

Siku hiyo alikuja mama mmoja mshauri, mkimbizi kama sisi, aliyepita nyumba kwa nyumba akizungumza na walevi. Nilidhani atamkaripia. Akaketi, akamuuliza taratibu, "Kaka yangu, kule nyumbani, saa kama hii ulikuwa unafanya nini?"

Baba aliinua kichwa. "Nilikuwa nafundisha watoto kuogelea."

"Na huyu anajua?"

Baba alinitazama kama mtu aliyekuwa amenisahau. "Huyu bado."

Gongo ilimchukua muda mrefu kuiacha. Lakini jioni ile alinishika mkono tukateremka ziwani. Akanilaza kifudifudi majini, kiganja chake kikiwa chini ya tumbo langu.

"Piga miguu," akasema. "Nimekushika."

Nikapiga. Nilipogeuza uso nikamwona mama amesimama ufukweni, anacheka.