Figo za Upande wa Mama

Mama alipofariki kwa figo kule Nunguni, majirani walisema amerogwa, kwa sababu kaka yake alikuwa amekufa vivyo hivyo. Miaka ya themanini dada yangu naye akaanza kuumwa ubavu. Daktari akatupima sote wawili.

"Figo za dada yako zimejaa vifuko vya maji," aliniambia. "Ugonjwa huu hurithiwa. Nadhani mama yenu alikuwa nao. Wewe huna."

Nililia kwa aibu ya kuwa mzima. Dada ndiye aliyenibembeleza: "Nyamaza, mwana wa mama. Mimi ndiye niliyefanana naye kwa kila kitu."

Aliishi miaka sita zaidi. Hadi leo, nikipalilia maharagwe, hugeuka nimwambie jambo, nikajikuta niko peke yangu.