Muuza mitumba anayewatafutia watu kwao

Saa mbili asubuhi. Katika ghala la zamani la pamba mjini Bunda, Wankyo Wanzagi anamvika mzee Bernado koti la kijivu.

"Inua mkono."

"Sijasema ninakwenda."

"Sijakuuliza. Nimesema inua mkono, baba."

Mzee anacheka bila kutaka, anainua. Mikono ya koti inamzidi. Wankyo anaikunja.

Wankyo, 44, anauza mitumba sokoni. Kila akifungua belo, anatenga nguo moja nzuri kwa ajili ya mtu wa ghalani. "Mtu haendi kwao na matambara," anasema. "Wakimwona hivyo wanaanza kuhesabu sahani kabla ya kumsalimia."

Mwaka 1992 ghala lilikuwa tupu, parokia ikaliomba kwa ajili ya watu wasio na pa kulala. Idadi yao ilifika kumi na wanne. Sasa, 1995, mnunuzi binafsi wa pamba amelikodi, na ni lazima lihamwe kabla msimu haujaanza. Zimebaki wiki tatu.

Kumi na watatu wamepata pa kwenda, wengi wakipelekwa na Wankyo mwenyewe, kwa pikapu na kwa miguu. Amebaki Bernado, na kosa ni la Wankyo. Analisema kabla hujamuuliza.

Bernado aliondoka Bukima, huko Majita, mwaka 1951 kwenda kwenye mashamba ya chai Kenya. Alirudi mwaka jana akiwa na miaka 65 na kumbukumbu chache alizoachiwa na ugonjwa: kwao kulikuwa karibu na jiwe kubwa.

"Majita yote ni mawe," anasema Wankyo. "Kwa hiyo nikataja jina. Nikapita nyumba hadi nyumba nikiuliza, kuna Bernado wenu aliyepotelea Kenya? Kumbe enzi zile kila familia ilikuwaga na Bernado, na nusu yao walikwenda Kenya."

Familia moja ilipiga vigelegele, ikachinja mbuzi. Mzee alipoomba furu, samaki wadogo aliowala utotoni, walicheka, wakampa sangara, samaki asiyemjua kabisa. Wiki ya tatu akaja Eufrasia, dada wa Bernado wao, kutoka kisiwa cha Rukuba. Alimtazama mgeni akasema, "Huyu si kaka yangu." Kesho yake mzee alirudishwa Bunda.

Juzi Eufrasia alituma ujumbe: mleteni tena. Hakusema sababu. Ndiyo maana Bernado anagoma.

"Mimi si gunia la kurudishwarudishwa."

"Nikikosea tena utakaa kwangu," Wankyo anamjibu. "Utalala juu ya mabelo."

Kazi hii hailipwi. Siku anayosafiri anakosa faida ya shilingi elfu mbili hivi, na jirani yake sokoni, Marcelina, hachoki kumkumbusha: "Masaa hayo ungekuwa unauza, sasa hivi una duka."

"Duka na presha," Wankyo humjibu.

Alikuwa mfumaji kiwandani Musoma hadi alipopunguzwa mwaka 1991. Alijifungia ndani miezi mitano. "Nilikuwaga naoga siku nikikumbuka," anasema. Mama mmoja wa parokia akamvuta hadi ghalani, akampa pini na miguu ya bibi mmoja iliyojaa funza. "Nilitoa funza kumi na saba. Nilipomaliza nikashtuka: tangu asubuhi sijajifikiria hata mara moja. Usiku ule nililala."

Alirudi kesho yake. Yeye aliyekuwa akiwaogopa makarani sasa huingia ofisi ya kata na kukaa kabla ya kukaribishwa. "Hicho ndicho mshahara wangu," anasema. "Na hakuna wa kunipunguza."

Saa nane mchana wanashuka Bukima. Eufrasia amesimama uani kwa familia ile ile, rundo la nyavu zilizochanika miguuni pake.

"Tazama," anasema bila salamu. "Huyu alizitengeneza wiki tatu zote zikakamilika. Alipoondoka, hawa vijana wangu wakazishona kama wanashona gunia."

"Mimi si kaka yako," anasema Bernado.

"Nani alikuambia wa kwanza? Si mimi?"

Mzee anauliza, "Na wako akirudi?"

"Mtakaa wawili."

Wankyo hatabasamu bado. Anataka kuonyeshwa chumba. Anauliza nani atampeleka zahanati akiugua, na kama atakula hata siku asipofanya kazi. Anamwita mwenyekiti wa kitongoji asikie majibu. Anapoambiwa na kijana mmoja kwa utani, "Mama, mtu wa ng'ombe wewe, unatupekua hivi sisi watu wa samaki?" anajibu, "Napekua. Mara ya kwanza sikupekua."

Bernado amekwishavua koti. Amekaa chini, anatafuta mwanzo wa tundu kwenye wavu.

Jumatatu, soko likiwa halina watu, Wankyo atakwenda misheni ya Nyegina kuomba kuangalia vitabu vya ubatizo, kila Bernado aliyebatizwa miaka ya thelathini. Anaulizwa kwa nini ajisumbue wakati mzee amepata pa kukaa.

"Huyu mama anamsubiri kaka yake miaka yote hii, umemwona," anasema akifunga kanga. "Basi mahali fulani yuko mwingine kama yeye, anamsubiri wa kwake. Na hajui kwamba amesharudi."