Taa Iliwaka, Injini Ikakataa

Shemeji yangu alifika Makongeni Jumanne asubuhi kuchukua injini yake, na saa nane mchana ilikuwa lazima iwe juu ya lori. Lori hilo lilikuwa limeleta dagaa wa omena sokoni na sasa lilikuwa linarudi ziwani na marobota ya mitumba. Dereva ni mtu wa kijiji chao. Alikubali kumbeba shemeji pamoja na injini yake, ila alisema saa nane ikipita hatamngoja mtu, kwa sababu hakutaka kupanda milima ya Mau na giza.

Injini yenyewe ni ya mashua. Ni dizeli ya zamani ya silinda tatu, na rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Kwa miaka mingi ilisukuma mashua ya shemeji, iliyokuwa ikibeba watu na magunia kutoka kisiwani hadi nchi kavu, mpaka siku moja ikakataa kuwaka. Fundi wa kule alibadilisha betri, bado ikakataa. Ndipo shemeji akaileta Nairobi kwa kaka yake, mume wangu, aliyekuwa fundi wa umeme wa magari katika banda la mabati nyuma ya nyumba zetu za reli. Mume wangu hakuwa amewahi kugusa injini ya mashua, lakini alisema umeme ni umeme. Alianza kuifungua, kisha akaugua. Jumanne hiyo ilikuwa imepita miezi miwili tangu tumzike.

Muda huo wote mashua ilikuwa imelala mchangani. Tukinywa chai, shemeji aliniambia kwamba kuna mtu anayeitaka, na kwamba anampigia simu kila wiki. Injini ikiwaka leo, atamjibu kuwa haiuzwi. Isipowaka itabidi auze, kwa sababu watoto hawawezi kungoja zaidi. Aliyasema hayo akitazama kikombe. Hakunilaumu kwa lolote, na mimi nilitamani anilaumu kidogo, ili nipate la kujibu.

Mimi si fundi. Nilisoma hadi darasa la saba, nashona sare za shule na mapazia. Lakini miaka ya mwisho macho ya mume wangu yalikuwa yamepungua nguvu, basi nikiwa sina kazi cherehani nilikuwa nakwenda bandani kumshikia taa ya kupimia. Ni balbu ndogo ndani ya mpini wa bisibisi, ina waya na kibanio. Unabana waya kwenye mwili wa gari, unagusisha ncha ya bisibisi mahali anapokuonyesha. Alikuwa anasema, "Hapa," nami namwambia inawaka au haiwaki. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya umeme.

Betri nilikuwa nimeipeleka kuchajiwa tangu Jumatatu. Tulifunga nyaya zake, shemeji akaingiza ufunguo, akazungusha. Injini ikasema tik. Akazungusha tena. Tik. Kisha akanigeukia, mtu mzima mwenye mikono mipana ya kuvuta kamba, akaningoja niseme tufanye nini.

Nilifanya niliyoyaona yakifanywa. Nilifungua vichwa vya betri, nikamwagia maji ya moto ule unga mweupe uliokuwa umeshika, nikasugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa. Tik. Nikachukua spana nzito nikaigonga stata, ile mota ya kuianzisha injini, mara tatu kwa mpini, si kwa nguvu, jinsi mume wangu alivyozigonga za teksi za zamani. Tik. Nikachukua taa. Nilibana waya wake kwenye mwili wa injini, nikagusa betri, ikawaka. Nikagusa ile skurubu kubwa ya stata, ikawaka. Nikamwambia shemeji azungushe ufunguo na asiachie, nikagusa ule waya mdogo unaoiambia stata ianze, napo ikawaka. Nilifurahi kila mara ilipowaka. Nilimwambia shemeji kwamba moto unafika kila mahali.

"Kama unafika," akasema, "mbona hailii?"

Nilirudia kupima tangu mwanzo, kwa sababu sikujua la kufanya mikono yangu ikiwa mitupu. Iliwaka vilevile.

Hadi saa nne majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Watu walimpenda mume wangu, na walikuwa hawajaliona banda likifunguliwa tangu aondoke. Mmoja wao alikuwa fundi wa magari wa upande wa barabara, Mkamba ambaye kila siku alikuwa akibishana na mume wangu kuhusu mpira. Anajua kazi, lakini mdomo wake hautulii.

"Niaje mathee," akanisalimia kwa Sheng yake. "Mmenunua meli na hamjatuambia?"

Nikamwambia ni ya mashua ya shemeji.

"Na maji iko wapi? Ama mnangoja mvua ijaze Jogoo Road?"

Watu walicheka. Shemeji hakucheka. Mimi nilicheka, na papo hapo nikaona aibu, kwa sababu sikuwa nimecheka ndani ya banda lile tangu tulipotoka mazishini, na mwenye banda hakuwepo kusikia.

Fundi aliinama, akaacha mzaha. Aliniuliza nimegusa wapi na nimepata nini, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, nikijivunia kidogo kwamba nakumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya tairi, akaichukua taa mkononi mwangu.

"Mathee, hii taa ni mtoto mchanga. Inapewa tone, inashiba, inakuambia kila kitu sawa. Stata ni mlevi. Yeye anataka mtungi mzima."

Alifafanua polepole. Waya unaweza kuoza ndani, au mahali unapofungwa pakaliwa na kutu, ukabaki unapitisha moto wa kuwasha balbu tu. Stata ikidai moto mwingi kwa mara moja, waya huo hauwezi kuupitisha. Alisema yeye anashuku ule mweusi mnene, unaotoka kwenye mwili wa injini kurudi betri. Mimi nilikuwa nimeshika taa ile kwa miaka, na hilo sikulijua. Sikuwahi kumuuliza mume wangu taa ikiwaka inamaanisha nini. Nilidhani inamaanisha sawa.

Tulihitaji waya mwingine mnene wa kujaribia. Yule fundi alikuwa nao, lakini pia alikuwa na mteja aliyeacha gari lake likiwa wazi barabarani, akasema anamaliza pale kisha anakuja. Watu wakatawanyika. Tulibaki wawili, mimi na shemeji, tukiwa tumeketi na injini katikati yetu. Saa tano ikapita. Nilimletea uji, akanywa nusu.

Ndipo akaniuliza.

"Hakukuambia chochote? Alipokuwa amelala, hakusema amefika wapi na hii?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini alikuwa ameniita shemeji kwa heshima tangu siku niliyoolewa, na alikuwa ameketi pale na uji wangu mkononi, nikaona siwezi.

Nilimwambia hivi. Siku moja mume wangu akiwa kitandani, kabla hajazidiwa, aliniita nikae. Akasema, "Sikiliza, ile injini, kuna kitu kimoja kimebaki." Nikamkatiza. Nikamwambia kile kitu atakimaliza mwenyewe akiamka, anyamaze apumzike. Kwetu mgonjwa akianza kukabidhi kazi zake, watu wa nyumba hujua anaaga, na wengine huanza kulia yeye akiwa bado anasikia. Mimi sikutaka kuagwa. Nilifikiri nikikataa kupokea, hataweza kwenda. Alinitazama kidogo, akageukia ukuta. Aliishi siku tisa baada ya hapo na injini hakuitaja tena, nami sikumuuliza.

Shemeji aliuzungusha uji uliobaki kikombeni.

"Siku hiyo alikuwa anaongea vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Kwa hiyo angesema yote."

"Ndiyo, shemeji. Angesema."

Aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda kuzungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Alisimama pale akizungusha na kuachia, mara sijui ngapi. Nilijua anaimaliza betri. Sikuwa na uso wa kumwambia aache.

Fundi alirudi saa sita na nusu na waya wake mnene wenye vibanio viwili. Alibana upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, akakwangua kutu mahali fulani kwenye mwili wa injini, akabana upande wa pili hapo. Akamwambia shemeji azungushe.

Injini iligeuka. Ilikuwa nzito, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, lakini iligeuka, mara moja, mara ya pili, mabati ya banda yakatetemeka na moshi mweupe kidogo ukatoka kwenye bomba. Shemeji alitoa sauti ambayo sijui kuiandika. Kisha ikapungua, ikapungua, ikasimama. Tik. Tik. Betri ilikuwa imekwisha.

Tulikimbizana na saa. Kuchaji betri ile kungechukua hadi jioni. Fundi akaenda kufungua betri ya gari la mteja wake, akatuomba tusimwambie mtu. Ilikuwa ndogo. Ilipofungwa, injini iligeuka nusu ikakwama, na waya mnene ukashika joto mpaka tukasikia harufu ya mpira. Akaichomoa haraka. Akagusa stata kwa kiganja, akaondoa mkono.

Alisema sasa hana uhakika. Waya wa kurudi ulikuwa mbovu, hilo tumeliona. Lakini huenda stata nayo ni mgonjwa, inakula moto mwingi kuliko inavyopaswa, labda bushi zake, zile pete za ndani zinazoshika mhimili, zimelika. Inabidi ishushwe, ifunguliwe, ipimwe mezani. Nikamuuliza, kati ya hayo mawili, ni lipi ambalo mume wangu angekuwa amelibakisha kama kitu kimoja. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mathee, hiyo yeye tu ndiye angejua."

Ilipokaribia saa nane simu ya shemeji ililia. Alikuwa dereva, ameshawasha lori, amesimama kando ya barabara na askari wa kaunti wanamkodolea macho. Shemeji alimwambia ampe dakika kumi. Kisha akamwambia fundi afungue nyaya, injini inapakiwa.

Nilimuuliza anaipeleka ya nini kama haiwaki, na kule hakuna mtu wa kuifungua.

"Siwezi kurudi mikono mitupu," akasema. "Nitamwambia nini mama?"

Vijana sita waliinyanyua kwa magogo mawili. Fundi alitembea kando ya shemeji hadi barabarani, akimweleza neno kwa neno atakayomwambia fundi wa kule: waya gani ubadilishwe, mahali gani pakwanguliwe hadi chuma kionekane, stata ipimwe vipi kabla ya kurudishwa. Shemeji alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo. Nilimwona hashiki hata moja. Mimi mwenyewe, niliyesimama pale tangu asubuhi, nisingeweza kuyarudia kwa mpango. Injini ililazwa kati ya marobota, ikafungwa kamba. Shemeji alinipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akapanda.

Alipiga simu wiki tatu baadaye. Nilikuwa kwenye cherehani, nikaacha kushona ili nimsikie. Alisema mashua imeuzwa bila injini. Mnunuzi ana injini yake mpya, ile hata hakuitazama. Yeye sasa anapakua magunia gatini, kwenye mashua za wengine, na siku nyingine akiamka anaiona ile yake ikipita na rangi mpya. Alisema hayo kwa sauti ya chini, akaniuliza kama nakula vizuri, nikamjibu nakula.

Injini iko nyumbani kwa mama yao, chini ya mabati. Fundi wa kule aliifungua stata siku moja, akasema haoni ubaya wowote, akairudisha, ikasema tik. Waya haukubadilishwa kwa sababu shemeji hakukumbuka ni upi. Nami siku ile sikukumbuka kumwandikia.

Kabla ya kukata simu aliniuliza kama nataka injini irudishwe Nairobi na lori lilelile, labda yule fundi wetu aiangalie bila haraka. Alisema yeye hana kazi nayo tena, lakini ilikuwa mikononi mwa kaka yake, basi niamue mimi. Nilimwambia anipe siku chache. Sasa ni zaidi ya mwezi. Hajaniuliza tena, nami sijampigia.