Mikunga wa Mchangani

Mtaalamu wa samaki alimpora mfagiaji sifa yake. Alikwisha kuamua kwamba mikunga wadogo wa baharini, samaki wembamba kama nyoka, waliowekwa kwenye tangi la maonyesho wamekufa, limebaki mchanga mtupu, limwagwe. Lakini mfagiaji, mama wa makamo mwenye viganja vilivyochubuliwa na sabuni, huvua ndala kila aingiapo, huegemeza ufagio taratibu, kisha husimama kimya. Siku moja mtaalamu aliingia nyuma yake kwa viatu vizito, mama akamwambia:

"Vua viatu, mwanangu. Vishindo vyako vinawatisha."

"Mama, umeanza uganga?"

Mtaalamu akavua, huku akicheka. Mchanga ukatoboka. Vichwa vyembamba kama penseli vikachomoza, kimoja, kumi, mia, vikayumba pamoja kama nyasi. Kicheko kikamkatika. Hata mfagiaji, anayewaona kila asubuhi, alijishika kifua.

Sasa wageni wakija, mtaalamu huwaambia, "Niliwagundua mwenyewe." Bado ana deni la kutamka, mbele ya wageni hao na mama yule akisikia, kwamba alionyeshwa na mfagiaji.