Mchanga Kwenye Gunia la Mahindi

Goti langu la kulia lilitoa mlio kama muwa unaovunjwa, nikakaa chini gunia likiwa bado mabegani. Sikulia. Niliona wenzangu wananitazama mguu, sio uso, nikajua mambo yameharibika.

Nilikuwa darasa la sita, kijiji cha ujamaa upande wa Msanzi. Mbio za mita mia hakuna msichana aliyekuwa ananipita, na mwezi uliofuata tulikuwa tunakwenda kukimbia mashindano ya mkoa, Sumbawanga mjini. Mwalimu wa michezo aliniahidi kwamba nikishinda huko atanitafutia nafasi ya sekondari.

Mwalimu huyo alitoka Mbeya. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Asubuhi, kwenye baridi ile ya Ufipa, alikimbia nasi pekupeku, na sukari yake mwenyewe aliitia kwenye uji wetu. Alirudi kutoka semina akisema mkimbiaji wa mbio fupi anahitaji mapaja yenye nguvu, achuchumae na mzigo mabegani, ainuke, mara kumi. Vyuma hatukuwa navyo. Akaazima mahindi ghala la kijiji, akayapima kwa debe na kuyatia kwenye magunia: wadogo debe moja, mimi debe moja na nusu. Baada ya wiki tatu niliona mwenyewe ninavyochomoka kwenye mstari.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaja kuyachukua mahindi. Alisema chakula cha umma hakichezewi, na kama tuna nguvu za kuchuchumaa, matuta ya shamba la kijiji yanatungoja. Haya, mahindi yalikuwa ya wote.

Mwalimu akatutuma mtoni tukachote mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha, mchanga umelowa. Akaupima kwa debe lile lile, kipimo kile kile, wakati debe la mchanga mbichi ni zito kuliko madebe mawili ya mahindi. Mama yangu asingefanya kosa hilo hata akiwa na usingizi.

Nilipobebeshwa nilimwambia, "Mwalimu, huu umenizidi."

"Debe ni debe, mwanangu. Chuchumaa."

Mwenzangu mmoja akanitania kwamba bingwa leo ameamka bibi kizee. Nikachuchumaa. Mara ya nne sikuinuka.

Zahanati nilipelekwa na mwenyekiti. Akamwambia mganga nimeteleza nikichota maji. Mwalimu alikuwa pale pale, kofia mkononi, akanyamaza. Ikaandikwa hivyo. Nilimweleza baba ukweli, akasema karatasi ya serikali haiwezi kudanganya. Amekufa akiamini nilijivunja mwenyewe kwa kuteleza mtoni. Shule ndiyo ikaishia hapo.

Mwenyekiti naye amekufa, namwachia Mungu. Ila wewe mwalimu nasikia uko hai, na miguu yako yote mizima. Goti sikudai. Nadai uje hapa kwetu, usimame mbele ya ndugu zangu, ujibu: siku ile zahanati, ulinyamazia nini?