Gari Langu Lipo Gereji, Lakini Simu Inaniambia Lipo Njia ya Mabamba

Admin, jina langu liweke mbali, maana Kasulu hii ukilitaja gari tu watu wameshamjua mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na wajukuu. Shule niliishia darasa la sita, nikaiacha mwenyewe, yenyewe ilikuwa bado inanitaka. Lakini kwa magari, niulizeni mimi.

Gari langu nimeliinua mpaka kuku anapita chini bila kuinama. Lina winchi mbele, betri ya pili, redio ya mawasiliano, na taa za juu ambazo nikiziwasha jogoo wa Burundi wanawika wakidhani kumekucha. Masika moja nilivuta lori la mahindi lililozama hadi vioo huku nimeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Waliokuwepo wapo hai, waulizeni.

Sasa gari bado lina dhamana, kwa hiyo sevisi lazima nifanye kwenye gereji ya wakala aliyeniuzia. Mara ya kwanza nililipeleka na mapambo yake yote. Mkuu wa gereji, kijana wa juzi mwenye kitambi cha leo, akafungua boneti mbele ya wateja akacheka. "Mzee, hili gari au duka la redio?" Watu wakaangua kicheko. Nilipofuata gari langu, nyaya zangu zote walikuwa wamezikata, vifaa wamenikabidhi kwenye gunia kama viazi. Eti vilikuwa vinawazuia kuona tatizo. Na chini ya bodi nikakuta udongo mwekundu, kwenye siti punje za mtama. Mimi gari nililiosha kabla ya kulipeleka, kwa hiyo kuna mtu alisafiri nalo. Nikanyamaza. Mwanaume akinyamaza muogopeni.

Nyumbani nikavifunga vyote upya, na sevisi ya pili ilipofika, safari hii nikajiandaa. Fundi umeme mmoja wa Kibondo akanielekeza, nami nikamrekebisha alipokosea. Nikapiga picha kila waya, nikachomoa betri ya pili, nikashusha winchi, taa na redio, kila fyuzi nikairudisha mahali pake. Gari likawa kama siku lilipozaliwa. Nikaacha kitu kimoja tu kwa makusudi, kifaa cha GPS nilichokificha pasipofikika. Kile kinanionyesha gari lilipo, na nikibonyeza kitufe kwenye simu, kinasubiri gari lisimame, halafu kinalizima, na haliwaki tena mpaka nitake mimi.

Nikamkabidhi Mkuu ufunguo. "Safari hii umekuja kistaarabu, mzee," akaniambia. Nikamwambia asante mwanangu.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Mabamba kwa dada yangu, binti yake analetewa posa. Baba wa binti alishafariki, mimi mjomba ndiye wa kupokea wageni. Mbuzi amechinjwa, wazee wamekaa. Nafungua simu, naona gari langu liko barabarani linakuja huku huku Mabamba! Nikacheka peke yangu. Nikasema leo ndiyo leo, ule mtama wa kwenye siti utalipwa. Nikabonyeza. Kwenye kilima kimoja likasimama, kumbe kupisha ng'ombe, na pale pale likaganda.

Nikaendelea kuwapigia wazee hadithi. Saa zikaenda, wageni hawatokei, mvua ikaanza. Dada akatoka ndani na simu sikioni. "Kaka, wakwe wamekwama! Gari limezima kilimani, msemaji wao anasema lilikuwa zima kabisa, la ofisini kwake."

Nikauliza msemaji ni nani. "Baba mdogo wa bwana harusi. Mkubwa wa gereji huko Kasulu."

Nikaifungua simu tena. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshaiona simu. Akanivuta pembeni. "Mjomba, hilo si gari lako?"

"Ni langu. Na aliyeliiba ndiye anayekuja kunywa pombe ya posa yako."

"Liwashe, mjomba. Nakuomba."

Nawaambia ukweli, kidole kiligoma. Nilikiona akilini kile kitambi kinashuka kutoka kwenye gari langu, kinapigiwa vigelegele, mimi nikiwa wa kukipokea. Nikasema wasukume kidogo waone uzito wake. Kumbe huko wakashusha vibuyu vya pombe garini ili wasukume. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu pombe ya posa ikishatua chini njiani haiendi mbele tena. Wazee wao wakaibeba wakarudi nayo, kwa miguu, kwenye mvua. Nilipowasha gari, hakukuwa na wa kumleta.

Sasa kijijini wanasema binti ana mkosi. Dada yangu hali chakula. Binti ameniambia neno moja tu: "Wanasema nina mkosi, mjomba. Wewe mkosi wangu unamjua."

Nilipoenda gereji, Mkuu akanitazama machoni bila kupepesa. "Mzee, gari lako lilizima hapa hapa uwanjani. Nyaya zako zile zimeliharibu." Wateja wakacheka tena. Hajui mimi ni mjomba wa nani.

Posa imepangwa upya. Msemaji ni yeye yule, na kwa desturi mimi ndiye wa kumkabidhi mrija wa kunywea pombe kwa mkono wangu. Nikisema ukweli mbele ya wazee, mkosi unamtoka binti, lakini wataniuliza nani aliwazimia gari, na uchumba unaweza kufia pale pale. Nikinyamaza, nampa mrija aliyeliita gari langu duka la redio.

Jana Mkuu amenipigia simu: "Mzee, gari bado kidogo, lifuate Jumatatu."

Posa ni Jumamosi hii, na najua atapanda gari gani.

Kitufe ninacho. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila la kusamehe msiniandikie, hilo nimeshaambiwa na mke wangu.